Siku Mama Alipomwita Daktari wa Ng'ombe

Harufu ya dawa ya kupe hupanda puani na kukaa huko hadi kesho yake. Kwetu, upande wa juu wa Kianjokoma, Jumamosi ilinukia hivyo: dawa, samadi mbichi na majani ya nepia yaliyokatwa na umande wake. Mama alibeba pampu mgongoni, mimi nikashika kamba ya ng'ombe, na Popi, mbwa wetu wa kahawia, akatuzunguka miguuni akidhani tumetoka kucheza. Baba alifanya kazi mbali na nyumbani. Sikuwa na ndugu, wala majirani wa karibu hawakuwa na watoto wa rika langu, kwa hiyo mwenzangu alikuwa Popi. Nilimpenda kuliko baadhi ya shangazi zangu, na sioni haya kulisema.

Mvua za msimu ule zilileta kupe wengi ajabu, hata masikio ya Popi yakavimba. Asubuhi moja, tulipomaliza kumnyunyizia ng'ombe, mama alimhurumia. Pampu ilikuwa imekauka, lakini chupani mlibaki dawa kidogo. Aliimimina kwenye kopo, akaongeza maji kwa kukisia tu, akampaka Popi mwili mzima kwa kitambaa. Watu wengi pale kijijini walifanya hivyohivyo. Kupe ni kupe, tulifikiri, awe wa ng'ombe au wa mbwa. Hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba ngozi ya mbwa haihimili dawa kali namna ile, wala hatukukumbuka kwamba mbwa hujilamba.

Chai haikuwa imechemka vizuri Popi alipoanza kutokwa na mate na kuyumba, miguu ya nyuma ikimkataa. Nilipiga ukemi. Jirani yetu, Mama Njeru, akaja mbio na unga bado mikononi, akamwangalia, akatikisa kichwa. "Daktari wa mbwa iko Embu, na hiyo ni ya watu wa pesa," alisema. "Utalipia mbwa na mtoto ako na karo?" Hakusema kwa ubaya. Kwetu mbwa alikuwa mlinzi. Akiugua alipona mwenyewe, la sivyo alizikwa kando ya migomba. Tulimsimamisha mwendesha bodaboda ampeleke mjini, naye akacheka, akasema hajawahi kubeba abiria wa kuuma, akaenda zake. Hadi leo sioni kilichomchekesha.

Aliyebaki ni daktari wa ng'ombe, mwanamume mpole aliyezunguka vijiji vyetu kwa pikipiki. Mama alimpigia simu, nami nilisimama karibu nikasikia kila neno. "Daktari, ng'ombe yangu imekataa kukula," alisema. Nikamkodolea macho. Akafunika simu kwa kiganja, akaninong'oneza, "Nikisema ni mbwa, hatakuja." Daktari akaahidi kufika akimaliza kazi aliyokuwa nayo. Nilimwona mama kuwa mwerevu kupita watu wote.

Tukangoja. Kwa kuwa Popi alitetemeka, tulidhani anahisi baridi, tukamfunika gunia na kumlaza juani. Dawa ilikuwa ingali mwilini mwake. Nilikaa naye, nikamfuta mate kwa sketi yangu, nikamwita jina, na mkia ulikuwa ukigusa ardhi kidogo kila nilipomwita. Kisha ukaacha. Ng'ombe alikuwa zizini akitafuna nepia kwa raha zake, nikamchukia bure.

Daktari alifika alasiri, akavua kofia, akaelekea zizini moja kwa moja. "Iko wapi yenye imekataa kukula?" aliuliza. Mama akainua gunia. Nilitarajia apige kelele. Badala yake alichuchumaa, akanusa manyoya ya Popi, uso ukambadilika. Aliomba maji mengi na kipande cha sabuni, akamwosha mwenyewe, mikono ya shati ikilowa, kisha akamdunga sindano huku akisema wazi kwamba kipimo cha mbwa anakikisia.

"Mama Wanja," alisema bila kumtazama mama, "ungeniambia ni dawa ya kupe, ningekwambia kwa simu uioshe na sabuni hapo hapo. Ng'ombe kukataa kukula inaweza ngoja. Hii haingeweza."

"Na ningekwambia ni mbwa," mama akauliza, "ungenisikiza?"

Daktari alifikiri. "Sijui, mama," alisema.

Popi alikufa akiwa mikononi mwake. Daktari hakudai hata pesa ya mafuta ya pikipiki.

Sasa naishi Meru, nina paka mmoja mtundu, na mambo yamebadilika, ingawa si kwa wote. Hapa mtaani kwetu, Makutano, ipo kliniki ya wanyama yenye mlango wa kioo, na nimewaona watu wakiulizia bei mlangoni kisha wakigeuka na mnyama wao kifuani. Mimi pia niligeuka. Niliuliza huku na huku hadi nikaelekezwa kwa daktari kijana anayekubali kulipwa kidogo kidogo. Paka wangu alipoanza kukohoa na kutweta, nilimpigia nikijitetea: najua ni paka tu, nitalipa, samahani kwa usumbufu. Akanikatiza. "Wacha hayo kwanza. Anapumua aje?"

Nilimjibu, nikafuata alichoniambia, na paka akapona. Lakini nilipokata simu siku ile nililia sana, na aliyeniliza hakuwa paka. Jioni nilimsimulia mama kwa simu. Akauliza kama daktari huyo alikuwako wakati ule. Nikamwambia alikuwa mtoto wa shule kama mimi.

"Huyo," mama akasema, "ningemwambia ni mbwa."