Betri Nyepesi, Tengo Tupu

Saa mbili asubuhi. Crispulo Galve amechuchumaa katika duka la betri mjini Iloilo. Ananyanyua moja, anaiweka chini, ananyanyua nyingine. Ni mara ya tatu wiki hii, na muuzaji, Wendel, ameshaacha kumkaribisha.

"Anko, hizo si nazi," anamwambia. "Betri hainunuliwi kwa kuipima mkononi."

Crispulo hacheki. Kosa hilo hilo ndilo lililomfikisha hapa.

Ana miaka 54. Kwa miaka 31 amevusha walimu, wauguzi na wauza maembe kwa ngalawa ya tanga, kutoka kijijini kwake Guimaras hadi kisiwa cha jirani. Mwaka huu halmashauri imekataza injini za petroli kwenye gati jipya, na kila ngalawa ya abiria sharti iwe na mota ya umeme ya kuingilia gatini. Mota alipewa na ushirika wa wenye ngalawa. Betri ajitafutie mwenyewe. Ukaguzi ni Ijumaa, keshokutwa. Akishindwa, njia yake anapewa mwingine.

"Ngalawa isiyo na njia ni kuni tu," anasema.

Upepo ukikaza, ngalawa hulala upande, na lazima mtu apande kwenye tengo, ule mwanzi mrefu wa pembeni, aikandamize kwa uzito wake. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa Danding, mdogo wa mke wa Crispulo. Danding hakuhitaji kuambiwa. Crispulo akigusa kamba, mwenzake keshahamia upande wa pili.

Mwezi wa nane Crispulo alinunua betri tatu za lori, kila moja karibu kilo thelathini. Akapiga hesabu zake: betri mbili na ushee ni Danding mmoja. Akazifunga kwenye tengo ili ziendeshe mota na papo hapo zikae mahali pa mtu. Kisha akamwambia shemeji yake mbele ya abiria: "Pumzika, bwana. Betri haili wali."

Abiria wakaangua kicheko. Danding naye akacheka, akashuka, na kesho yake akapanda meli kwenda kukata miwa Negros.

"Nilijiona nina akili kuliko kijiji kizima," Crispulo anasema, akiwa ameinamisha kichwa. "Betri haihami. Tukigeuza tanga, uzito wote unabaki upande wa kutuzamisha. Na maji ya chumvi yakazila."

"Hata bila chumvi zingekufa," Wendel anadakia. "Ya lori ni ya kupiga starta, siyo ya kuvuta mzigo saa nzima."

Zilikufa zote ndani ya wiki saba. Sasa ziko barazani kwake, na mkewe, Norlita, anazitumia kuanikia samaki.

Crispulo amebakiwa na peso elfu ishirini na sita, bei ya nguruwe wawili waliokuwa ada ya chuo ya binti yao, Analyn. Zinatosha betri mbili za maji, zile za sola, au moja ya lithiamu. Mbili za maji zitamvusha Ijumaa kwa mota peke yake, ila ni nzito, zitakula nafasi ya abiria wawili, na kwa safari zake hazitafika mwaka. Ya lithiamu ina kilo kumi na mbili na itadumu miaka, lakini moja haitoshi kuvuka mkondo mzima kwa mota. Itambidi aende kwa tanga, mota aiwashe karibu na gati tu.

Na kwa upepo wa msimu huu, tanga linataka mtu kwenye tengo.

"Basi chukua mwingine yeyote," Wendel anasema.

"Yeyote atatutumbukiza. Wewe unauza betri, hujui."

Norlita, aliyefuatana naye na kusimama mlangoni, anamtazama mumewe. "Baba Analyn, mpigie. Mimi siwezi kukuombea kwa mdogo wangu, ulimwaibisha wewe."

Anapiga palepale dukani. Simu inaita mpaka inakatika. Anatuma ujumbe: *Njoo Ijumaa, nakuhitaji.* Wateja wanaingia na kutoka. Baada ya muda simu inalia, Crispulo anasoma, kisha anampa mkewe simu.

*Kaka, mimi bado nakula wali.*

Norlita anafunika mdomo kwa kiganja. Haijulikani analia au anacheka, na pengine mwenyewe hajui.

Crispulo anahesabu noti, anachukua ya lithiamu, anaipakata kama mtoto. Mpango wake ni huu: leo hii anapanda meli ya mchana kwenda Negros, amtafute Danding kwenye miwa, amwombe radhi mbele ya wakata miwa wenzake, kwa kuwa alimtukana mbele ya watu.

"Akikataa?" Wendel anamwuliza.

Anaigonga betri mapajani mwake kwa kidole.

"Akikataa, Ijumaa sitoki. Na hii nitaiweka barazani na zile nyingine."

Kisha anamgeukia mkewe. "Mama Analyn, nifungie wali. Wa watu wawili."