Choya ya Nne

Nilikuwa na miche minne ya choya uani kwangu Kerege, na mmoja ndio ulionipeleka kituo cha polisi.

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na miaka mingi ndimi niliyekuwa msimamizi wa shamba la shule. Basi nilipobaki nyumbani sikukaa bure. Nikajaza udongo kwenye viroba, nikapanda nyanya, bilinganya, bamia. Wanawake wa mtaani walikuja kuuliza kwa nini nyanya zangu zinabeba na zao zinadondosha maua, nami nikawaeleza. Nasema bila kujisifu, mimi mimea naijua.

Mwaka ule dada yangu wa Pangani aliniletea mbegu za choya kwenye karatasi. Nilitaka Ramadhani inikute na choya yangu mwenyewe, nichemshe juisi nyekundu ya futari bila kuisaka sokoni. Nikasia viroba vinne, na kila kimoja nikatia samadi niliyoletewa kutoka Makurunge. Vitatu vikaota miche yenye shina jekundu. Cha nne kilichelewa kidogo, kisha kikatoa mche wa kijani kitupu, majani yamechanuka kama vidole. Majani ya choya nayo yana vidole. Nikasema hii ni aina nyingine, mbegu za dada zimechanganyika.

Na ule wa nne ndio uliokuwa na nguvu. Wenzake walipofika kiunoni, wenyewe ulikuwa kifuani. Niliukata ncha ili utanuke badala ya kurefuka, kama nilivyowafanyia wenzake. Matawi yalipotoka nikayainamisha polepole, kila siku kidogo, nikayafunga kwenye vigingi ili jua liingie mpaka katikati. Kamba zangu zilikuwa vipande vya kitambaa. Mume wangu ni fundi cherehani, anashonea barazani, na mabaki ya nguo hayakosekani. Ule mmea ukawa umefungwa kwa vitambaa vya rangi zote, kama bibi harusi.

Ulipoanza kuonyesha maua, nikabadilisha chakula chake. Mbolea ya kuku ya kulowekwa nikaipunguza, maana mmea ukishiba sana wakati huo unaendelea kutoa majani tu, ukasahau kuzaa. Nikanyunyiza majivu kidogo shinani, nikamwagilia asubuhi. Ukaitika. Lakini maua yenyewe yalikuwa ya ajabu. Choya hutoa ua zuri lenye moyo mwekundu, na haya yalikuwa vinyweleo tu, vyeupe, vimejikusanya kwenye vifundo vya matawi. Harufu yake ilikuwa kali. Mume wangu alisimamisha cherehani siku moja akauliza, "Nini kinanuka hivi?"

"Choya," nikamwambia. "Hii ya Pangani ina harufu yake."

"Mh," akasema, akaendelea kushona.

Wakati huohuo niliona vijana wa mtaani wamekuwa na adabu kupita kiasi. Walikuwa wakipita njia ya nyuma, kwenye ua wa michongoma, na kila mmoja anasimama: "Shikamoo mwalimu." Wengine walinisalimu kwenda na kurudi. Nikafurahi. Nikamwambia mume wangu kwamba malezi bado yapo.

Mtu aliyenifungua macho alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha tangu darasa la tatu, sasa ni mama wa watoto wawili na ni askari polisi. Alikuwa mapumzikoni, amevaa dera lake na mtandio, akapita kunijulia hali na kuomba miche ya bilinganya. Nikamwandalia chai, kisha nikampeleka uani. Akasifia nyanya, akasifia bamia. Alipofika kwenye ule mmea wa vitambaa akasimama.

"Mwalimu, huu nao ni nini?"

"Choya. Aina ya Pangani. Subiri Ramadhani uje unywe juisi."

Hakucheka. Akainama, akashika jani, akaliachia. "Mwalimu, nisamehe sana. Hii si choya. Hii ni bangi."

"Wewe mtoto," nikamwambia, "nimesimamia shamba la shule wewe hujui hata kushika jembe."

"Ni kweli, mwalimu. Na wewe ndiye uliyetufundisha, kabla hujataja jina la mmea tazama jani, tazama shina, kisha nusa." Akachuma jani la choya kwenye kiroba cha pili, akaliweka kiganjani mwangu. Kisha akanionyesha jani la ule mwingine bila kulichuma. La choya vidole vyake vimeungana chini, kama kiganja. La huu kila kidole kilikuwa jani peke yake, kingo zake zina meno kama msumeno. Shina halikuwa na wekundu hata chembe. Harufu sikuhitaji kuinama kuinusa.

Nikakaa juu ya ndoo ya kumwagilia.

"Naung'oa sasa hivi," nikasema.

"Usiung'oe." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya kazini, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nimeshauona, mwalimu. Siwezi kujifanya sikuuona. Twende kwa mwenyekiti wa mtaa, ukaseme mwenyewe kabla mtu mwingine hajasema. Hivyo ndivyo itakavyokuwa bora kwako."

Ningeweza kumlilia. Nilimwona alivyoumia, nikajua nikimwomba atateseka, na huenda angekubali. Sikumwomba. Nikavaa baibui langu, nikamwambia mume wangu natoka kidogo, kisha nikaona si haki, nikamwambia ukweli wote. Akaacha nguo ya watu kwenye mashine, akavaa kofia yake, tukaenda watatu.

Mwenyekiti alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akajikuna kichwa. "Mwalimu, mimi huo mmea naujua tangu ulipokuwa mdogo. Mtaa mzima unaujua."

"Na mbona hukusema?"

"Nani angekusema wewe? Watu walisema lazima mwalimu ana kibali. Walisema umepewa kazi ya utafiti na serikali."

Mume wangu akaangua kicheko mle ofisini. Mimi sikuweza, siku ile.

Mwenyekiti akapiga simu, askari wawili wakaja na gari. Wakaupiga picha, wakaung'oa pamoja na vigingi na vitambaa vyake, wakaubeba. Mmoja wao aliuliza nani aliyeufunga namna ile. Nikamjibu kwamba ni mimi, na sikuona sababu ya kuinamisha kichwa. Niliandika maelezo kituoni, nikaitwa tena mara ya pili kuulizwa samadi ilitoka kwa nani, mwishowe nikaambiwa suala limekwisha, niende nyumbani. Mbegu ilifikaje kwenye kile kiroba sijui mpaka leo.

Kwa wiki nzima sikutoka nje kwa aibu. Nilijifungia nikifikiri wanawake wale hawatakuja tena kuniuliza neno. Siku ya nane alikuja mmoja, jirani wa nyumba ya tatu, na tawi la nyanya mkononi. Hakutaja bangi wala polisi.

"Mwalimu, mbona maua yanadondoka?"

Nikalitazama jani, nikalitazama shina, nikalinusa. "Unaipa mbolea nyingi," nikamwambia. "Punguza. Na kesho asubuhi nakuja kukuonyesha namna ya kuifunga."

Kesho yake nikaenda.