Mchoma Nyama wa Shamba la Zabibu

Mchoma nyama wa shamba la zabibu hakuwa na haraka na mtu. Aliibonyeza nyama kwa kidole gumba, akaitegea sikio kana kwamba inamsengenya jirani, ndipo akaigeuza. Mezani, mgeni mmoja aliusifu mvinyo wa nne kwa maneno yaleyale aliyousifia ule wa kwanza. Mkewe, ambaye kwa siku tatu ndiye aliyeendesha gari lao lenye kitanda na jiko, alikunywa maji na kuimezea mate chupa.

“Mama, mbona huonji?” mchoma nyama akamuuliza.

“Mimi ndiye dereva, kaka. Jioni tunatakiwa shamba lingine.”

Mchoma nyama akajifuta mikono, akachukua funguo za gari lao mezani, akazitundika penye koleo zake.

“Nyumba si mmekuja nayo? Basi mmeshafika.”

Mume akafungua kinywa kupinga. Mke alikwisha kunyoosha glasi.