Wali wa Alhamisi kwa Orosia

Saa saba na dakika arobaini mchana, Eutimio Lasheras amesimama ukingoni mwa barabara mtaa wa San José, Zaragoza. Mikono iko mfukoni, upepo unampiga usoni, na haingii. Ng'ambo ya barabara ni mgahawa wa Orosia Bescós. Amekula humo miaka kumi na tisa bila hata kubisha hodi, lakini leo miguu imegoma.

"Nimetoa watu kwenye lifti zilizokwama, wanalia, wanapiga milango mateke," anasema. "Sikuogopa hivi. Na hiki ni chakula cha mchana tu, jamani!"

Si chakula cha mchana tu, na yeye anajua. Eutimio, fundi lifti mwenye umri wa miaka hamsini na saba, ndiye mwenye orodha ambayo watu elfu moja mia moja na arobaini huisubiri kwenye simu zao kila siku ya kazi. Madereva, wauguzi, makarani, mafundi rangi. Wote wanataka kujua kitu kimoja: leo nile wapi mlo kamili, sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji na kitindamlo, chini ya euro kumi na nne, nisijute?

Orosia anauza kwa euro kumi na mbili na nusu. Amekaa juu ya orodha hiyo tangu ilipoanza. Wiki hii malalamiko ya tatu yameingia: wali wake wa Alhamisi umekuwa uji.

Kanuni ya Eutimio haina mjomba wala shangazi. Malalamiko yakifika matatu, anakwenda mwenyewe, anakula, anaandika alichokikuta. Mwaka juzi alimfuta binamu yake kwa sababu ya supu ya pakiti. Mpaka leo binamu akimwona anavuka barabara.

Ila huyu ni Orosia, mjane wa Blas. Blas alikuwa fundi mwenzake kwa miaka kumi na miwili, na kazi ya lifti ni ya kuachiana roho mikononi. Isitoshe, mafundi ujenzi thelathini na wanne wanaojenga ghorofa mtaa wa pili hula hapa kwa sababu orodha iliwaleta. Orosia amekwisha kumwambia mhudumu wake, Loreto, kwamba wakiondoka hao, kiangazi hakitamkuta na mlango wazi.

Kazi ndiyo iliyomfundisha Eutimio kula. Kila siku yuko kona nyingine ya mji, na mshahara wa euro elfu moja mia nne na themanini haumruhusu kubahatisha. Daftari lake la kwanza lilikuwa na migahawa mia mbili kumi na miwili. Leo iliyobaki chini ya euro kumi na nne ni sabini na minne.

Picha za chakula mlangoni hazimdanganyi, anazipita. Yeye anatazama ubao. "Ukiandikwa kwa rangi ya mafuta, ujue huyo hapiki, anapasha," anasema. "Ukiandikwa kwa chaki, na sahani moja imepigwa mstari kwa sababu imekwisha, huyo ni mkweli. Halafu inama kidogo, tazama viatu chini ya meza. Ukiona saruji, ingia."

Ubao wa Orosia ni wa chaki. Wali wa kuku na sungura. Mboga ya boraja na viazi. Soseji au samaki wa chumvi. Pichi zilizolowekwa kwenye divai. Wali uko juu kabisa, maana mji huu Alhamisi ni siku ya wali, na mpishi atakayeuondoa siku hiyo wateja watasoma ubao na kugeukia mlangoni.

Eutimio anavuta pumzi, anavuka.

Ndani meza zote zimejaa. Crescencio, nyapara wa wale mafundi, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuita watu ghorofa ya sita, anamwona kabla hajavua koti.

"Hakimu kaja! Vijana, futeni midomo!"

"Kula bwana, acha maneno," Eutimio anamjibu. Hacheki.

Loreto, mwenye mimba ya miezi saba, anamletea mkate na maji bila kuulizwa. Kisha analeta wali. Anauweka mezani polepole, wala hamtazami machoni.

Eutimio anaonja kijiko kimoja. Mchuzi ni ule ule, sungura ni yule yule, ladha ya nyumbani kwa Blas Jumapili. Lakini punje zimevimba na kushikana, ukizigusa zinapasuka. Wali huu umengoja saa nyingi. Hapa mtu huungoja wali akiwa amekaa na kijiko mkononi, wali haumngoji mtu. Anaonja cha pili akiomba awe amekosea. Hajakosea.

Anaweka kijiko chini. Meza ya jirani inageuka kumtazama, kisha inayofuata. Eutimio anainuka, anakwenda mpaka mlango wa jikoni na kusimama hapo hapo kizingitini. Mteja haingii jikoni kwa Orosia, hata askofu.

"Shemeji," anaita.

"Sema." Orosia, mwenye miaka sitini na mmoja, yuko jikoni, kampa mgongo, anageuza soseji kwa mkono wa kushoto.

"Wali huu umepikwa saa ngapi?"

"Unauliza nini na umeshaonja?"

"Shemeji, saa ngapi?"

"Saa tano! Umeridhika? Umepikwa saa tano, umelala hapo kama mgonjwa. Nenda kaandike."

"Wewe ulimfukuza mpishi hapa kwa kosa hilo hilo. Kwa nini leo unalifanya wewe?"

Orosia anaufuta mkono wa kulia kwenye aproni, na hapo Eutimio anaona bandeji, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Anamgeukia Loreto.

"Mishipa ya mkono inamuuma," Loreto ananong'ona. "Tangu Januari. Ile sufuria pana ya wali inafunika jiko zima. Isipoteremshwa, hakuna pa kukaanga sahani ya pili. Mama haiwezi, na mimi na tumbo hili ndiyo kabisa. Anayeiteremsha ni yule mleta mkate, na yeye hupita saa tano na nusu, kwa hiyo wali lazima uive kabla."

"Loreto, funga mdomo!" Orosia anageuka, macho mekundu. "Na wewe, andika wali mbovu. Mkono wangu usiuandike. Sitaki watu waje kula kwa kunihurumia."

Eutimio anarudi mezani na kutoa simu. Anaandika, anafuta, anaandika tena, na kila mtu ukumbini anamtazama huku akijifanya anakula. Angeweza kuandika kwamba wali ni mzuri, nani angemshika? Dereva mmoja tu mwenye euro kumi na mbili na nusu, akija Alhamisi ijayo kwa neno lake.

Anabonyeza.

Simu zinalia ukumbi mzima kwa pamoja. *Kwa Orosia: siku nyingine nenda. Wali wa Alhamisi, usile.*

Crescencio anasoma, kisha anapiga meza, glasi zinaruka.

"Huna haya? Mwanamke amekulisha miaka yote hii! Mjane wa rafiki yako! Umemzika huku unatafuna mkate wake!"

Eutimio jibu analo mdomoni, lakini si lake kulisema.

"Sema basi, hakimu!"

"Mwache." Orosia ametoka jikoni. Hatoki kamwe saa za chakula. "Kaandika kweli. Wali ni mbovu, na wewe Crescencio umeula wiki tatu ukinidanganya kwamba mtamu." Anainua mkono wenye bandeji, wote wauone. "Siwezi kuteremsha sufuria. Basi. Mmejua."

Crescencio anakaa chini taratibu, masikio yamemwiva.

"Sasa mama, si ungesema tu? Watu thelathini na wanne tuko hapa, wabeba saruji wote. Tungekuteremshia."

"Mteja haingii jikoni kwangu."

"Basi nifute kwenye wateja," Eutimio anasema.

Orosia anamtazama. "Unasema nini?"

"Siku ya Alhamisi mimi si mteja. Lifti za mtaa huu nitazipanga siku hiyo, saa nane kasoro robo niko jikoni. Unapika kwa saa yako, naiteremsha, nakula huko huko nimesimama."

"Na orodha yako? Mtu wa jikoni atajihukumu?"

Hilo Eutimio ameshaliwaza. Anatoa daftari, analisukuma mezani mpaka mbele ya Crescencio. Katika miaka yote hii hajawahi kumpa mtu.

"Mgahawa huu si wangu tena kuuhukumu. Wewe utaonja. Wali ukiwa mbovu, andika mbovu. Usitazame sura yangu wala mkono wake."

Crescencio anafikicha kidevu. Anawaangalia vijana wake mmoja mmoja.

"Alhamisi moja," anasema hatimaye. "Ijayo. Ukiwa uji, ninaandika, na tunahama."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Saa tisa unusu ukumbi umebaki mtupu na Eutimio anavaa koti. Mpango wake kwa sasa ni huo tu: wiki moja, sufuria moja. Anasema usingizi hatarajii kuupata Jumatano.

Ameshika kitasa cha mlango wakati sauti ya Orosia inapomfuata kutoka jikoni.

"Na unawe mpaka viwikoni! Nikiona grisi ya lifti kwenye wali wangu, nakufuta mimi!"