Nilivyoanguka Mara Mbili

Ipo Jumamosi moja ambayo siisahau, mwanangu, na yowe lako la jana ndilo lililonirudisha huko. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Ukapiga kelele chumbani, "Ni yeye! Yeye ndiye mchawi!", nikaangusha kisu, nikaja mbio, nikakukuta umelala sakafuni na karatasi mkononi, unacheka. Ukanieleza kwamba shuleni kwenu kule Morningside mnafanya igizo la kesi ya wachawi, na wewe umepewa nafasi ya msichana anayewataja watu. Ukashangaa mbona sicheki. "Eish, Mamkubwa, ni drama tu."

Basi leo kaa hapa nikwambie. Mimi pia nilisema ni mchezo tu. Tatizo ni kwamba nilichelewa kusema hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, sijamaliza hata mwaka hapa Durban. Nilitoka Kigoma na begi moja na ubishi mwingi, nikapata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala moja Mobeni, na usiku nalala kwenye kochi la watu. Usinicheke, wengi wetu tulianza hivyo. Jumapili nilikwenda kanisa dogo karibu na mtaa wa Jacobs, lenye Wakongo wengi, Warundi, na sisi Watanzania wachache, katika ukumbi uliowahi kuwa karakana. Jina langu hakuna aliyelijua. Waliniita "yule wa Kigoma."

Nyuma ya ukumbi ule aliishi Mama Leonida, mjane wa Kirundi, mtu mzima, mfupi, mwenye kikohozi na maneno machache. Siku za kazi aliwalea humo ukumbini watoto wa akina mama wanaokwenda viwandani. Hakuwa na ndugu hata mmoja nchi hii. Watoto wale, chumba kile na kanisa, hayo ndiyo yalikuwa maisha yake yote.

Kiongozi wa vijana alikuwa Mkongo, Kaka Fabrice. Aliandika igizo la kijiji kinachomsingizia mama mmoja uchawi, na nia yake ilikuwa njema, maana minong'ono ya namna hiyo haikukauka pale kwetu. Mimi nikapewa nafasi ya msichana anayepagawa, anayenyoosha kidole na kuanguka. Nafasi kama yako.

Wiki ya kwanza nilianguka vibaya, nikachubuka kiwiko. Mama Leonida alikuwa anafagia. Akaweka ufagio chini, akavuta godoro la watoto, akasema, "Kidevu kifuani, mwanangu. Anza na goti, halafu bega. Kichwa ni cha mwisho." Tangu siku hiyo, kila nikifika mapema, alinitandikia lile godoro akaketi kunitazama. Nikianguka vizuri, alinipigia makofi. Hakuna mwingine aliyejua habari za mazoezi yetu yale.

Jumamosi ninayoisema niliwatangulia wenzangu. Godoro lilikuwa limeanikwa uani, mtoto kalikojolea. Nikajisemea, leo naweza bila godoro. Nikapiga yowe, "Ni huyu! Ni huyu anayemla mtoto!", nikanyoosha kidole kwenye mlango wa nyuma, kwa kuwa ndipo mwenzangu wa kwenye mchezo alipotakiwa kusimama, nikajitupa. Kichwa hakikuwa cha mwisho. Niliona nyota. Na papo hapo, kupitia mlango ule ule wa nyuma, akatokea Mama Leonida na chupa ya chai. Kupitia mlango wa mbele wakaingia akina mama wa kwaya.

Aliyetangulia ni Mama Sifa. Mtoto wake alilelewa na Mama Leonida, na tangu Alhamisi alikuwa na homa kali. Alfajiri ile alishikwa na degedege. Sasa fikiria mwenyewe alichokiona pale mlangoni na alichokisikia.

Nilipofumbua macho, mikono ilikuwa mingi juu yangu, kichwani, mabegani, miguuni, wote wanaomba kwa sauti. Nilitaka kucheka niseme ni mazoezi. Maneno yalikuwa ulimini kabisa. Mama Sifa akaniinamia, machozi yake yakanidondokea usoni.

"Dada, Mungu amekuonyesha nani? Iko huyu mama? Sema tu!"

Nikafumba macho tena.

Nitakwambia kwa nini, ingawa naona aibu mpaka leo. Tangu nishuke Durban hakuna mtu aliyekuwa amenigusa ila wa kunisukuma kwenye taxi. Ile mikono ilikuwa ya moto. Nilitamani wanishike kidogo tu, kisha nitasema. Dakika moja. Kumbe dakika moja ikipita, ya pili inakuwa nzito zaidi, na ya kumi huinui tena. Walinibeba mpaka nyumbani kwa mchungaji. Nikalazwa kitandani, kitanda kweli chenye shuka, nikaletewa supu. Kesho yake nikaketi mstari wa mbele, watu wananiita dada wa maono. Jina langu wakalijua wote.

Jumanne Kaka Fabrice alinifuata kazini, akanisubiri getini. Hakuwa mjinga yule kaka.

"Dada, yale maneno ulisema, si ni ya karatasi yangu?"

Nikamwambia, "Maneno ni yako, lakini mimi sikuwa nafanya mazoezi."

Uongo ulitoka laini, mwanangu, mpaka nikajiogopa. Kabla ya hapo nilikuwa nimenyamaza tu, na nilijidanganya kwamba kunyamaza si kusema uongo. Pale getini nilidanganya mchana kweupe, na yeye akaondoka ameniamini.

Wiki hiyo akina mama waliwatoa watoto wao mmoja mmoja. Ilipofika Alhamisi, ukumbi ulikuwa mtupu. Mtu akamwandikia Mama Leonida mlangoni neno ambalo sitalitamka. Mimi nilijitahidi nisikutane naye, lakini nikakutana naye uso kwa uso dukani. Nilidhani atanitukana. Akanitazama, akauliza, "Kichwa kimepona?" Nikasema kimepona, nikatoka bila hata kununua nilichokwenda kununua.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wakaitisha kikao. Mama Leonida aliwekwa kwenye kiti peke yake, katikati, watu wamemzunguka. Begi lake lilikuwa limeshatolewa nje. Mlangoni walisimama vijana wawili, na hakuna aliyewauliza wanangoja nini. Mchungaji hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa anawaogopa waumini wake.

"Mama, kubali tu," alisema. "Ukikubali, tunakuombea, inaisha. Ukikatala, mimi siwezi kuzuia hawa watu. Leo leo unatoka mu ile chumba."

Mama Leonida alikohoa kwanza. Halafu akasema, "Hao watoto niliwapikia uji miaka minne. Nikikubali mimi ni mchawi, kesho wataambiwa walilishwa na mchawi. Wataishi na hiyo kitu. Hapana, Pasteur. Sikubali."

Watu wakaguna. Mchungaji akanigeukia.

"Dada, siku ile Mungu alikuonyesha huyu mama?"

Nikasema, "Sijui."

Katika maneno yote niliyowahi kusema maishani, hilo ndilo ninalolichukia zaidi. Nilidhani nimejitoa. Kumbe wenzangu walisikia "ndiyo" ya mtu anayeogopa kulogwa, na kelele zikapanda. Mama Leonida aliniangalia. Nikawa namngoja aseme. Ilitosha aseme godoro, aseme mimi nilimfundisha huyu kuanguka. Hakusema. Aliendelea kuniangalia, kama zile siku za mazoezi anaponisubiri nianze.

Nikasimama. "Ulikuwa mchezo," nikasema, lakini sauti ilitoka kama ya kuku mgonjwa. Mama mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Amemufunga kinywa! Anamufanya akane!" Nikarudia, hakuna aliyesikia. Kijana mmoja akaacha mlango, akaanza kuja katikati.

Ndipo nikafanya kitu pekee nilichojua kukifanya vizuri. Nikapiga yowe, "Ni huyu! Ni huyu anayemla mtoto!", nikanyoosha kidole kwenye ukuta mtupu, nikaanguka. Kidevu kifuani, goti, bega, kichwa mwisho.

Ukumbi ukalipuka. "Ameonyeshwa tena!" Hakuna aliyetazama kidole changu kilielekea wapi. Mama Sifa alikuwa analia, watu wanaomba, na yule kijana alishamfikia Mama Leonida, amemshika mkono anamwinua kwa nguvu. Nikaona nimeharibu zaidi. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikaruka, nikamshika mkono yule kijana, nikasema, na safari hii sauti ilitoka mpaka nje barabarani:

"Mmeona? Nimeanguka, nimeinuka. Hakuna roho hapa! Siku ile nilikuwa nafanya mazoezi. Kuanguka nimefundishwa na Mama Leonida mwenyewe, kwenye godoro la watoto wenu. Mwongo ni mimi!"

Kaka Fabrice akasimama, akatoa karatasi zake, akasoma polepole, "Ni huyu. Ni huyu anayemla mtoto." Akakunja karatasi, akanitazama mimi, na sura ile aliyonitazama nayo sitaki kuikumbuka. Yule kijana akaachia mkono.

Usidhani walipiga vigelegele. Wengine walisema nimelogwa ndiyo maana nimekana. Mchungaji alilirudisha begi la Mama Leonida chumbani kwa mikono yake mwenyewe, na mimi akanirudisha kiti cha nyuma kabisa, nami nilistahili. Mtoto wa Mama Sifa alipelekwa kliniki kesho yake, ikaonekana ni sikio lililokuwa linatunga usaha. Alipona. Lakini hakurudi kwa Mama Leonida. Mwezi ule walirudi watoto wawili tu, na awali walikuwa tisa.

Jioni ya kikao kile nilimfuata Mama Leonida chumbani kwake. Nilipiga magoti, nikalia, nikamwuliza kwa nini hakusema habari za godoro.

"Ningesema mimi, wangesema mchawi anajitetea," akanijibu. "Na wewe ungekuwa mwongo amekamatwa. Nilikungojea useme mwenyewe."

Nikataka kumshukuru. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Lakini umechelewa, mwanangu. Siku nane nililala nasikiliza mlango."

Hakunipiga wala hakunitukana, na heri angefanya hivyo. Tangu kesho yake, kila asubuhi kabla ya kwenda Mobeni, nilikaa naye pale mlangoni, akina mama wanaopita wanione. Nilifanya hivyo miaka miwili. Watoto wakaongezeka kidogo kidogo. Hata hivyo, mpaka anafariki, walikuwepo waliomwona amesimama kwenye robot, taa za barabarani, anangoja kuvuka, nao wakatafuta pengine pa kuvukia. Niliutangaza ukweli mbele ya kanisa zima, na bado haukuwafikia wote niliowafikishia uongo. Hilo mimi nalibeba.

Kwa hiyo mwanangu, sikukatazi kucheza. Cheza, tena cheza vizuri, watu washtuke kwenye viti. Ninachokuomba ni kwa ajili ya siku utakayokuwa huko nje na hakuna karatasi mkononi. Mtu atakuuliza, ni yule? Labda ni wizi, labda ni habari zinazotumwa kwenye simu, labda ni uchawi huu huu wetu. Kama hujaona, sema sijaona. Usiseme sijui kwa kitu unachokijua. Na kama umekosea, sema pale pale, kabla hawajakushika mikono na kukuletea supu, kwa sababu supu ile ni tamu, na utakapoimaliza kuna mtu mwingine ambaye halali. Ukimwona aliyekalishwa peke yake kwenye kiti cha katikati, usihesabu wangapi wanapiga kelele. Uliza nani aliona, kwa macho yake, na alikuwa amesimama wapi.

Mungu akupe ulimi usiochelewa. Akupe na mtu wa kukungojea siku utakayochelewa, maana utachelewa tu, wewe ni binadamu. Naye yule mama aliyeningojea mimi, Mungu amlaze mahali ambapo hana haja ya kusikiliza mlango.

Haya, inuka. Nimekutolea godoro, liko pale sebuleni. Sakafu ya nyumba hii ni ngumu. Kidevu kifuani, anza na goti, halafu bega. Nitakaa hapa nikutazame, na ukianguka vizuri nitapiga makofi.