Dereva Ana Masikio

Dereva alikuwa mtu wa kuoga asubuhi na jioni, mvua inyeshe au jua liwake, na kwa hilo mkewe yuko tayari kusimama popote atoe ushahidi. Mashati yake ya kazi yalikuwa mawili, yote meupe. Moja likiwa mwilini, jingine liko kambani. Mkewe ni fundi cherehani asiyeweza kuvumilia kola iliyojikunja, kwa hiyo aliyapiga pasi mwenyewe. Ndiyo maana maneno aliyoyasikia Dereva siku ile akiwa nyuma ya usukani yalimkata maini.

Alikuwa anamwendesha Mama. Mama ndiye bosi, mwenye gari, mwenye nyumba na mwenye neno la mwisho. Wote pale nyumbani walimwita hivyo, kuanzia wanawe wa kuzaa mpaka mlinzi wa getini aliyemzidi umri. Siku hiyo alikuwa na mdogo wake, wametoka kwenye kikao cha harusi ya binti wa kaka yao. Kikao kilianza asubuhi kikaisha alasiri, na muda wote huo Dereva alikuwa ndani ya gari, kwenye uwanja mtupu mbele ya ukumbi, vioo vimeshushwa, injini imezimwa. Mama alishasema zamani: kiyoyozi hakiwashwi kwa ajili ya mtu mmoja, na gari haliachwi peke yake.

Walipoingia akawashia kiyoyozi, akaondoa gari taratibu, maana Mama hapendi kurushwarushwa. Hata barabara kubwa hawajaishika, mdogo mtu akapeleka kitambaa puani.

"Dada, gari lako linanuka."

"Si gari," Mama akasema. "Ni huyu."

"Sasa si umwambie?"

"Nitamwambiaje mtu mzima na ndevu zake? Namvumilia tu. Hawa na maji hawapatani."

"Mimi ningekuwa nimeshambadilisha."

"Nalifikiria hilo. Harusi ikipita."

Wakarudi kwenye habari ya vitambaa vya meza, viwe vya rangi gani. Sauti haikupanda wala kushuka. Hakuna aliyenong'ona, na hilo ndilo lililomuuma Dereva. Mtu akikusengenya huku anakuibia jicho kuona kama unasikia, angalau amekuhesabu kuwa upo. Hawa hawakuiba hata jicho. Alitazama kioo cha ndani, akaona nyuso mbili zimetulia, zinapekua picha za vitambaa kwenye simu.

Alipunguza mwendo kidogo.

"Mama," akasema, "nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Mliyokuwa mnayasema."

Mdogo mtu akashusha kitambaa. "Sisi tulikuwa tunaongea mambo yetu. Wewe unasikilizaje mazungumzo ya watu?"

"Nipo hapa mbele, dada. Sina pa kwenda."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha kufunga mlango. "Haya, endesha gari."

Akaendesha. Alikuwa na sentensi nzima ya kusema, juu ya jua la uwanja ule na kiti cha ngozi kinachochemka kama sufuria, lakini ulimi ulimganda. Ilimjia yote, imenyooka kabisa, wakati ameshawashusha na anafuta vumbi kwenye boneti.

Kesho yake Mama alimwita mlango wa jikoni. Alimkabidhi mfuko: sabuni nzuri ya kuogea, poda, na dawa ya kupaka kwapani. Akasema naye kwa upole, kama anaongea na mgonjwa.

"Usinielewe vibaya. Nakupa kama mama yako."

Walikuwa karibu rika moja, lakini hilo aliliacha lipite.

"Nashukuru, Mama. Ila mimi kuoga naoga. Shida ni lile jua. Ningeruhusiwa kukaa kivulini, au kuwasha kiyoyozi hata kidogo..."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema." Upole ulikwisha. "Mtu unamfanyia jema, anakugeuzia kibao."

Mpishi alikuwa pale akimenya viazi, kichwa ameinamisha. Mama alipoondoka ndipo aliponyanyua uso.

"Ungepokea ukanyamaza, kaka'angu. Mimi nilipewa dawa ya chawa. Sina chawa. Nikasema ahsante, nikampelekea jirani, nikaendelea na maisha yangu."

"Na jirani ana chawa?"

"Sijui. Tangu siku hiyo hanisalimii."

Dereva alicheka bila kutaka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Nyumbani, mkewe aliumwaga ule mfuko juu ya meza ya cherehani, akavitazama vile vitu kimoja kimoja. Alichukia kuliko alivyochukia mumewe, kwa sababu aliona ni yeye aliyetukanwa.

"Yaani nafua, napiga pasi, halafu wananiambia sijui kumtunza mume?"

"Hawajakutaja wewe."

"Hawakuhitaji kunitaja. Acha hiyo kazi."

"Nikiiacha, ada ya watoto atalipa nani, cherehani hii?"

Hilo halikuwa neno la kusema, na alilijua kabla halijamaliza kutoka. Mkewe alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika. Kisha akatangaza kwamba sabuni ile haitaingia bafuni kwake. Dereva akasema sabuni haina kosa. Wakagombana juu ya sabuni mpaka chakula kikapoa.

Kikao kilichofuata kilifanyika kwenye ukumbi uleule. Safari hii mlinzi wa ukumbi, alipomwona Dereva akijipepea kwa kipande cha boksi, alimwita akae naye kwenye benchi lake ukutani, penye kivuli. Kutoka pale gari lilionekana lote. Dereva alifunga milango, akaenda, akapewa maji ya kunywa. Waliongea habari za watoto na za magoti yanayouma. Kwa mara ya kwanza tangu vikao vianze, shati halikumganda mgongoni.

Mama akatoka mapema, kazungukwa na wanakamati. Akaona gari halina mtu. Dereva alishaanza kukimbia kabla hajaitwa.

"Nakulipa ukae na gari au ukapige soga?"

"Gari nilikuwa naliona kutoka pale, Mama."

"Nimekuuliza kama unaliona?"

Mwanamke mmoja kati ya wale alisema taratibu, "Lakini dada, na jua hili jamani..."

"Muache," Mama akamkatiza. "Huyu tangu nimnunulie sabuni amepata kiburi."

Wenzake wakacheka. Pengine hawakuwa na ubaya. Bosi wa kamati akitania, unacheka. Lakini Dereva alisimama pale mbele ya wanawake wasiomjua, na kitu pekee wanachokijua juu yake ni kwamba amenunuliwa sabuni. Masikio yalimwaka moto. Alitaka kusema. Akafungua mlango wa nyuma, kama siku zote, akashika mlango mpaka Mama akakaa vizuri na nguo yake ikaingia yote ndani.

Wiki ile alianza kuulizia kazi. Kiwanda kidogo cha mikate kilikuwa kinatafuta mtu wa kusambaza mikate madukani. Mshahara ulikuwa pungufu, na kazi ilikuwa pamoja na kushusha kreti. Alikubali kabla mwenye kiwanda hajamaliza kueleza.

Alipoaga, Mama aliumia kwelikweli. Machozi yalimlengalenga, na haikuwa maigizo.

"Nimekukosea nini? Hata sabuni nilikununulia kwa mkono wangu."

Safari hii Dereva alikuwa amejiandaa. Alishayasema yote mbele ya mkewe, na mkewe alishamrekebisha mahali alipolegeza. Lakini alipouona uso ule, kilichomtoka mdomoni ni, "Nashukuru kwa yote, Mama." Angeweza kuung'ata ulimi wake. Akajikaza akaongeza kwamba dereva atakayekuja aruhusiwe kukaa kivulini.

"Ndiyo, ndiyo," Mama akasema, huku anapekua droo. "Funguo ya akiba unayo wewe?"

Mpishi ndiye aliyemletea habari baadaye: kijana mpya naye anaiva pale uwanjani, vioo chini, na Mama ameanza kulalamika kwamba madereva wa siku hizi wote ni walewale.

Kazi ya mikate ilimchosha mgongo. Mwenye kiwanda alifoka sana, ila alimfokea kila mtu, tena machoni, na ukimjibu anasikia. Dereva hakufurahi kama alivyotegemea. Kilichomkera ni kwamba ile sentensi hakuwahi kuisema. Ilimjia kwenye foleni, ikamjia kwenye taa nyekundu, na kila ikija ilikuwa nzuri zaidi. Asubuhi moja alijikuta anaitamka kwa sauti, mkono mmoja hewani, na mwenzake wa kushusha kreti akamgeukia.

"Unaongea na nani?"

"Na mtu mmoja."

"Mwambie asubiri basi. Duka ndio hili, umelipita."