Mfungo Nilioutangaza Mimi

Kanisani kwetu Tunduma, kabla ya mahubiri ya Jumapili, kuna dakika kumi za habari. Mzee mmoja wa kanisa anasimama na kueleza yaliyotokea wiki hiyo, hapa nchini na kwingine, kisha anayafungamanisha na Neno. Vita mahali fulani, mafuriko mahali fulani, bei ya mbolea, halafu: ndugu zangu, mnaona saa imefika wapi. Kwa miaka sita mzee huyo nilikuwa mimi. Siku hizi anasimama mwingine, nami nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kwa sababu nitakayoieleza bila kujipamba.

Niliipenda ile kazi, niseme ukweli. Mimi ni wakala wa forodha. Najaza nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo, na dereva akikaa foleni siku mbili tatu hana la kufanya ila kuongea. Kwa hiyo habari nilikuwa nazipata kabla ya redio. Nikisimama mbele na daftari langu watu walikuwa wananyamaza, hata wenye watoto wachanga wanawatuliza ili wanisikie. Kichwa kikanivimba. Siku moja tukitoka ibadani mke wangu aliniambia, "Baba, leo habari zilikuwa nyingi, Yesu akawa kidogo." Nilimnunia mpaka Jumanne.

Mwaka ule kipindupindu kilianzia ng'ambo. Madereva walinieleza kabla hakijavuka, na kilipovuka nikajiona nabii. Mahema ya wagonjwa yakapigwa kwenye uwanja, mama lishe wakafukuzwa kando ya barabara, na mke wangu, ambaye alikuwa anauza ugali na samaki kwa hao madereva, akakaa nyumbani. Jumapili ile mchungaji alikuwa amesafiri kwenda Mbeya kwenye semina, kwa hiyo dakika zangu kumi zikawa arobaini.

Nilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba pigo hili linapita juu ya mlango wa aliyeokoka kweli, na likiingia kwako jiulize mlango wako umepakwa nini. La pili, kwamba tuingie mfungo mkavu wa siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, kanisa zima.

Mgeni anaweza asielewe. Kwetu huku, mvua ikichelewa Mbozi, mtoto wa mtu akiwa hoi, kazi ikikwama, watu wanafunga, na mfungo unaoheshimika ni ule mkavu: usile, usinywe hata tone. Anayefunga huku anakunywa maji anaonekana ameomba nusu mdomo. Hakuna aliyeshtuka, basi. Watu waliitikia Amina mpaka mabati yakalia. Ugonjwa unaomaliza mtu kwa kumkausha maji mwilini, nami nimesoma hadi kidato cha nne, nimejifunza hayo mambo ubaoni, nikasimama kuwaambia watu wasinywe maji. Nikikumbuka najichukia, sina neno lingine.

Wakati napeana mikono na wanaonisifu, akanifuata bibi mmoja mjane, mtu wa Msangano, aliyekuwa akiishi peke yake kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Hakuwa na simu wala mtu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimpelekea uji kila jioni. Bibi huyu alikuwa hakosi ibada, na alikuwa na tabia ya kuniuliza upya nilichosema ili asije akakosea.

"Mtumishi, na maji ya kumezea vidonge vya presha?"

"Hata hayo, bibi. Siku tatu hizi Mungu ndiye atakuwa dawa."

Akaitikia Amina, akajifunga kanga vizuri, akaenda zake.

Jumanne asubuhi, saa moja imeshapita, nilimkuta mke wangu ameegemea ukuta wa choo. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimshika mkono, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Nikamuuliza imeanza lini. Akasema alfajiri. Nikamuuliza mbona hukuniamsha. Akasema, "Nitawaambia nini watu, wakati umesema hakiingii kwa aliyeokoka?"

Nilitoka nje mbiombio nikamwita jirani, mfanyabiashara wa Kiislamu aliyetoka Kigoma zamani, mwenye gari lake. Hakuuliza maswali. Alitandika turubai kwenye kiti cha nyuma, tukambeba. Njiani alimpa chupa ya maji, mke wangu akatikisa kichwa. Nikamweleza jirani kwamba yuko kwenye mfungo. Alinitazama kwenye kioo, akasema kwa upole, "Kwetu mgonjwa hafungi, jirani." Nilikuwa naona aibu mbele ya mtu ninayemwombea aokoke.

Pale kambini, kwenye yale mahema, unapita kwanza kwenye beseni la dawa ya kuua vijidudu, unakanyaga na viatu vyako, halafu wanaruhusu ndugu mmoja tu. Nesi alimlaza kwenye kitanda chenye tundu katikati, akaanza kutafuta mshipa. Akachoma mkono wa kulia, hakupata. Akachoma wa kushoto, hakupata. Akaniwekea mikononi jagi la maji ya dawa, yale yenye chumvi na sukari. "Baba, mishipa imezama. Namwita mwenzangu mwenye uzoefu, yuko hema la pili. Mpaka aje, huyu mama anywe, kikombe baada ya kikombe, asiache. Asipokunywa tunampoteza saa hizi hizi."

Nikamwinua kichwa, nikamsogezea kikombe. Akafunga mdomo.

"Mke wangu, kunywa."

"Nimefunga."

"Mfungo umeisha. Mimi ndiye niliyeutangaza, mimi nauvunja."

"Usinijaribu, baba."

Alikuwa anamaanisha. Aliniona kama mtu anayesemeshwa na shetani. Nilipiga magoti kwenye turubai la sakafuni lenye maji maji, nikaanza kumsihi kwa Maandiko, mimi bingwa wa Maandiko. Nikamwambia hata Yesu pale msalabani alisema ana kiu, akapokea. Akafungua macho. "Alipewa siki," akasema, "tena kazi ilikuwa imeshaisha." Huyo ndiye mke wangu, hata kwenye kitanda kile alikuwa ananishinda kwa hoja. Nililia mbele ya wagonjwa, kamasi zinanitoka.

Kisha akasema jambo lingine, maneno yakitoka moja moja. Kina mama walikuwa wameshikana mikono Jumapili ile, wakaahidiana kufunga pamoja, na yeye ndiye kiongozi wao. Hawezi kunywa yeye kwa siri huku wenzake wamekauka kwa neno letu. "Waambie wote. Andika kwenye kundi la kanisa kwamba ulikosea. Kwa bibi, hana simu, mtu aende kwa miguu. Ukishafanya nitakunywa."

Simu nilikuwa nayo mkononi. Ingenichukua dakika moja. Nikafungua kundi, nikaandika, "Ndugu zangu, nilikosea." Nikayaangalia yale maneno matatu. Nikafikiria watakaosoma: wazee wenzangu, mchungaji huko Mbeya, mwalimu wa kwaya asiyenipenda. Nikafikiria watakavyouliza kwa nini, nami niseme mke wangu yuko kambini, na wao wakumbuke mlango wa aliyeokoka. Nikajiambia ngoja apone kwanza, Jumapili nitasimama nieleze vizuri, kama ushuhuda. Ndivyo ilivyokuwa, Mungu ananiona: mke wangu anakufa, mimi natunga ushuhuda. Nikafuta.

"Nimetuma," nikamwambia.

"Na kwa bibi?"

"Nimemtuma mtu. Ameshaondoka."

Alinitazama usoni. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sikuwahi kumdanganya jambo kubwa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kutoniamini. Akafungua mdomo, akanywa. Kikombe cha kwanza kilirudi, cha pili kikakaa. Yule nesi mwenye uzoefu akaja, akapata mshipa wa mguuni, wakafungulia dripu mbili kwa pamoja. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Saa sita akawa anaongea. Saa nane akakojoa, na nesi akacheka kwa furaha, akaniambia sasa unaweza kupumua. Saa kumi jioni ndipo nilipotuma ujumbe kwenye kundi, na hata hapo sikuandika kwamba nilikosea. Niliandika hivi: "Bwana asifiwe. Mfungo wetu umejibiwa mapema. Fungueni leo kwa shangwe." Wakajibu Amina nyingi, na mikono ya kushukuru. Kwenda kwa bibi nilifikiria. Nikasema majirani watamwambia, kila mtu nyuma ya soko anafahamiana. Kutoka kambini hadi kwake ni mwendo wa dakika ishirini na tano, nami siku ile nilikaa kwenye benchi la nje saa sita nzima.

Jumatano mchana habari ikaja kwenye kundi lile lile. Bibi amekutwa asubuhi amelala chini, mlango umefungwa kwa ndani. Watu wa afya wameshamchukua, watazika wenyewe, hakuna kuaga. Walioingia chumbani walikuta ndoo ya maji imefunikwa sahani, imejaa hadi juu, na vidonge vyake vimepangwa pembeni juu ya kitambaa.

Niliisoma habari hiyo nikiwa nje ya uzio wa kambi. Nilijaribu kuomba, nikashindwa hata kuanza. Kitu kilichonijia kichwani ni wale watu waliosimama chini ya msalaba wakimcheka Yesu kwamba aliokoa wengine, mwenyewe hawezi kujiokoa. Nimelihubiri jambo hilo mara nyingi na sikuwahi kulielewa. Ndivyo wokovu ulivyopatikana, kwa mtu aliyekubali kuchekwa. Mimi niliogopa kuchekwa na watu themanini kwenye simu. Niliokoa wa kwangu nikaokoa na jina langu, na aliyelipia ni mwanamke mzee aliyeniamini hadi kwenye kidonge. Mchungaji anasema nimeshasamehewa. Kwa upande wa Mungu namkubalia. Ila mimi sijapata mahali pa kuliweka jambo hili, miaka inapita, na nikisikia watu wanaitikia Amina mwili unanisisimka vibaya.

Sikumwambia mke wangu. Nilimpelekea uji, nikamwambia watu wote wanamsalimia.

Alhamisi saa nne wakamruhusu. Tukapanda bajaji, yeye amejiegemeza begani kwangu, mwepesi kabisa. Tulipofika njia panda ya soko akamwambia dereva, "Tupitie kwa bibi kwanza, nimemkosesha uji siku tatu."

"Umechoka," nikasema. "Twende nyumbani, tutamwona kesho."

"Dakika mbili tu, baba."

Nilitaka kumwambia dereva apite moja kwa moja. Nilitaka kumwambia yeye pale pale, ndani ya bajaji, kabla hajashuka. Nikashuka naye, nikamshika kiwiko, tukaingia kwenye ule uchochoro, na kila hatua nilikuwa najiambia hii inayofuata nitasema.

Harufu ya dawa ilitufikia kabla hatujaona mlango. Ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, na ukuta umepuliziwa hadi nusu, bado una alama nyeupe. Mama mmoja wa chumba cha pili alikuwa anaanika nguo. Akatuona, akaacha, akaja. "Poleni," akasema. "Nilidhani mmeshapata habari. Jumanne jioni nilimgongea, sauti yake imeshaisha kabisa. Nikamwambia kunywa hata maji, bibi. Akaniambia mtumishi amekataza, amebakiza siku moja tu amalize."

Mke wangu alikaa chini, kwenye kizingiti cha ule mlango. Hakulia. Aliangalia mikono yake, bandeji ya dripu bado iko mguuni.

"Jumanne jioni," akasema. Kisha akaniinulia uso. "Ulimtuma nani?"

Yule mama wa jirani naye akanigeukia, anasubiri. Nilifungua mdomo. Miaka sita sikuwahi kukosa la kusema mbele za watu, na jina lolote lingefaa, angalau kwa siku ile. Sikupata hata moja.

Akarudisha macho kwenye ule mnyororo.

"Kumbe nilikunywa maji yake," akasema.